Mji wa madwafu umepooza mezani: dalili, chanzo na tiba

Kikao kina saa mbili. Wachezaji wamevuka lango la mawe, wameshuka ngazi, wamefika kwenye ukumbi wa nguzo. Mmoja anauliza, "Kushoto kuna nini?" Unamjibu kuna chumba. "Na kulia?" Chumba kingine. Dakika kumi baadaye kuna aliyechukua simu, na mwingine anapanga dadu zake juu ya meza moja juu ya nyingine.

Tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, mchezo wa mezani ambamo mmoja, mwendesha mchezo, anasimulia na wengine wanaigiza wahusika na kurusha dadu, kushuka chini ya ardhi ndiyo moyo wa mchezo huu, na mji uliotelekezwa wa madwafu, watu wafupi wa hadithi wanaoishi ndani ya mwamba, ndiyo safari ninayoipenda kuliko zote. Nimeuendesha mara nyingi, kwa Kiswahili, kwa vikundi tofauti, na nimeuona ukilala usingizi mezani mara nyingi vilevile. Hitilafu nilizozikuta ni nyingi ila mzizi wake karibu ni mmoja: mwendesha mchezo ameandaa mahali pa kupigana, hajaandaa mahali ambapo watu waliamka, wakapika, wakagombana na kuzika wazee wao. Soma dalili inayofanana na ya kwako, uanzie hapo.

Vyumba vyote vinafanana

Dalili: wachezaji hawaulizi tena kilichomo. Wanasema "tunapita, twende kinachofuata." Ramani yako ina vyumba 40, na ukiulizwa cha 17 kilikuwa cha kazi gani, unasema "ghala" kwa kuwa ndilo neno lililokujia kwanza.

Chanzo: ulichora vyumba kwanza, wakazi ukawatafutia nafasi baadaye.

Tiba yake ninaifahamu kutoka kwenye mji wa kweli. Derinkuyu, huko Cappadocia nchini Uturuki, umechongwa ndani ya mwamba laini wa majivu ya volkano na unashuka kama mita 85. Ulijulikana upya mwaka 1963, baada ya mkazi mmoja kubomoa ukuta alipokuwa akikarabati nyumba yake. Wakati wa uvamizi watu waliingia humo na mifugo yao, wakafunga. Kuna mazizi, maghala, vikamulio vya zabibu, makanisa, visima na mashimo marefu ya kushushia hewa. Milango ni mawe ya duara, mfano wa mawe ya kusagia, yanayoviringishwa kutoka upande wa ndani tu, na kila ghorofa iliweza kufungwa peke yake. Katikati ya jiwe kuna tundu. Aliye ndani anamwona aliye nje, na mkuki unapita.

Angalia jinsi kila kitu pale kilivyo jibu la swali fulani. Kwa hiyo kabla ya kuchora, jibu maswali matano: hewa inaingilia wapi, maji yanatoka wapi, walikula nini, kinyesi na majivu vilikwenda wapi, na maiti waliwekwa wapi. Majibu haya yanakupa vyumba ambavyo haviwezi kufanana. Shimo la hewa ni njia ya kuingilia kwa mwizi mwembamba. Mfereji wa taka unatokea mtoni, na ndiyo njia ya kutorokea. Kisima kilichochimbwa kwa ndani bila kutokeza juu kinakwambia kuwa wakazi hawa walishawahi kuwekewa sumu.

Kisha chagua chumba kimoja kila ghorofa ukikaribie kabisa. Mimi huwapa wachezaji jiko. Mafiga yamechongwa kwenye mwamba wenyewe, seti tisa kwa mstari mmoja. Dari ni nyeusi kwa masizi, isipokuwa utepe mmoja wenye upana wa kiganja ulio safi, unaokwenda moja kwa moja hadi kwenye tundu la ukutani: hapo ndipo upepo ulipopita, na bado unapita. Kizingiti kimelika pande mbili kwa miguu ya wapishi, mmoja akiingia na mwingine akitoka kwa miaka mingi sana. Rafu ya juu kabisa inamfikia mchezaji wa kibinadamu kifuani. Na kwenye mafiga ya mwisho kuna chungu, kifuniko bado kiko juu yake.

Hakuna mchezaji niliyewahi kumwona akipita chungu hicho bila kukifunua. Ndani niliweka shayiri iliyoungua hadi ikawa mkaa. Mpishi aliondoka moto ukiwaka. Meza nzima ilinyamaza, na hapakuwa na zimwi lolote chumbani.

Neno lenyewe linaleta shida

Dalili: ukisema "mbilikimo", kuna anayecheka vibaya, au kuna anayekaa kimya kwa namna ambayo si ya mchezo.

Chanzo: kamusi ilikupa neno hilo kama tafsiri ya "dwarf" la Kiingereza, lakini katika Kiswahili cha kila siku mbilikimo ni jina walilobandikwa watu wanaoishi leo, Watwa na Wambuti, na limebeba dharau ya miaka mingi. Ukicheza Goma, Bujumbura au Kampala huenda aliye mbele yako anao majirani au ndugu wa jamii hizo. "Kibete" nalo linamuumiza mtu mwenye kimo kifupi.

Tiba: sema dwafu, wingi madwafu, na upatanisho wa watu: dwafu mmoja alikuja, madwafu watatu walikuja. Sikio linalizoea ndani ya nusu saa. Tena linamrudisha kiumbe huyu kwao, maana asili yake ni hadithi za kale za Iceland na Norwe, ambako madwafu ni wahunzi waliofua nyundo ya Thor, mungu wa radi, na wanne kati yao, Norðri, Suðri, Austri na Vestri, wamesimama kwenye pembe nne za dunia wakishikilia mbingu. Nilizipa kumbi nne kubwa za mji wangu majina hayo manne. Katika ukumbi wa Vestri nguzo imepasuka, na mchezaji anayejua maana ya jina hilo anaelewa kwa nini wazee wa mji walilia.

Giza halimtishi mtu

Dalili: mnamaliza vikao vitatu chini ya ardhi na hakuna hata mmoja aliyeuliza mienge imebaki mingapi.

Chanzo cha kwanza ni kusoma vibaya uwezo wa kuona gizani. Watu huuchukulia kama tochi ya kichwani isiyoisha betri. Katika kanuni za toleo la tano, la mwaka 2014, dwafu anaona hadi futi 60, yaani kama mita 18, na ndani ya umbali huo giza kwake ni mwanga hafifu. Rangi hazipo, kila kitu ni kijivu. Kwenye mwanga hafifu, jaribio lolote la kutambua kitu kwa macho linarushwa kwa dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo. Baada ya mita hizo 18 hakuna kitu, na ukumbi wa nguzo wa kifalme una urefu zaidi ya hapo. Kwa hiyo kundi linalotembea bila moto linatembea ndani ya kiputo cha kijivu na linapitwa na mengi. Waambie hivyo waziwazi, mara moja, kisha uanze kuwatoza gharama yake.

Kuna jambo limejificha kwenye kanuni hii ambalo limenipa furaha kuliko mtego wowote niliowahi kubuni. Kama madwafu waliishi gizani na kuona kijivu, basi hawakuweka alama kwa rangi. Walichonga, tena kwa kina, ili kidole kisome. Vibao vya njia viko kwenye usawa wa kiuno cha binadamu, pembeni mwa ukuta, laini kwa kupapaswa. Wachezaji wakishajua hilo, chora mshale mwekundu wa rangi kwenye mlango mmoja. Huhitaji kusema neno. Kuna mtu mwingine aliyepita hapa baada ya madwafu, na alikuwa na taa.

Chanzo cha pili ni kutohesabu muda. Kanuni za zamani zilihesabu uchunguzi kwa zamu za dakika 10. Mwenge ulidumu zamu sita, kandili zamu 24, na kila baada ya zamu mbili mwendesha mchezo alirusha dadu ya pande sita kuona kama kuna kinachokuja. Chukua utaratibu huo hata kama unatumia kanuni mpya. Chora visanduku sita kwenye karatasi mbele ya wachezaji wote. Kupekua chumba, kisanduku kimoja. Kuvunja kufuli, kimoja. Kubishana mlangoni kuhusu nani aingie kwanza, kimoja pia, na uweke alama bila kusema chochote. Cha sita kikijaa, mwenge unazima. Mwenge wenyewe unaangaza vizuri kama mita 6, na mita 6 nyingine hafifu, basi. Mpe mchezaji mmoja karatasi hiyo aitunze. Atakuwa mtu makini kuliko wote mezani.

Ukitaka maneno ya kulieleza giza lenyewe, tembelea pango. Mimi niliyapata Amboni, karibu na Tanga, pale mwongozaji alipotuomba tuzime tochi zote. Kilichonijia kwanza ni masikio: popo juu, tone la maji mahali fulani, pumzi ya mtu aliyekuwa nyuma yangu ambayo sikuwa nimeisikia safari nzima. Kisha harufu. Kisha nikagundua kuwa mkono wangu umeshaushika ukuta bila mimi kuuambia. Tangu siku hiyo, mwenge ukizima mezani kwangu, nasimulia kwa mpangilio huohuo, na macho nayaacha kabisa.

Wamekwama mbele ya ukuta

Dalili: nusu saa imepita, kila mtu amerusha dadu kutafuta mlango wa siri, wote wamekosa, na safari imesimama.

Chanzo: umeweka jambo ambalo lazima ligunduliwe nyuma ya dadu inayoweza kukataa.

Tiba: mlango ambao safari haiendelei bila huo upewe dalili tatu zisizohitaji dadu. Moshi wa mwenge unalala kuelekea kwenye ufa. Sakafu imelika kwa nyayo zinazoishia ukutani. Vumbi ni nene kila mahali isipokuwa hapa. Dadu itumike kwa mambo mengine: mtafungua kwa muda gani, kwa kelele kiasi gani, na nani amesikia. Milango ambayo safari inaweza kuendelea bila hiyo, ifiche unavyopenda.

Kila chumba ni vita

Dalili: wachezaji wamechoka, pointi za uhai zimekwisha, wanataka kulala kila baada ya vyumba viwili. Nawe umechoka.

Chanzo: kila kiumbe anashambulia pale anapoonekana. Viumbe hawana shughuli nyingine, wanawasubiri wachezaji tu.

Tiba ya haraka ni ya mwaka 1981, kutoka kanuni za msingi za wakati huo, na sijaona iliyo bora. Kiumbe ambaye huna sababu ya kuamua atafanya nini, mrushie dadu mbili za pande sita. Mbili: anashambulia hapohapo. Tatu hadi tano: ana uadui, huenda akashambulia. Sita hadi nane: hajui afanye nini. Tisa hadi kumi na moja: hashambulii, anaondoka au anasikiliza mtakachompa. Kumi na mbili: anawapokea kwa furaha. Fanya hesabu yake. Kati ya matokeo 36 yanayowezekana, shambulio la papo hapo ni moja tu, na 16 ni ya kusitasita. Maana yake, mara nyingi kundi la goblini, viumbe wadogo wakorofi wa hadithi, kwenye korido litasimama na silaha mkononi likiwatazama, na wachezaji watalazimika kufungua mdomo.

Tiba ya kudumu inakupeleka tena kwenye chakula. Andika nani anamla nani. Uyoga unaota kwenye mfereji wa taka. Mende wakubwa wanakula uyoga. Goblini wanafuga mende. Na kuna kitu ghorofa ya chini kinachowala goblini, ndiyo maana wamehamia karibu na lango. Sasa goblini wana ombi. Wana njaa, wana hofu, na wanazijua njia. Nimeona kikundi kizima kikimaliza ghorofa mbili bila kuchomoa upanga kwa sababu walikubali kuwabebea goblini magunia mawili ya chumvi kutoka juu.

Kila kiumbe apewe pia kiwango cha kukata tamaa. Anayefuga mende hafi kwa ajili ya korido. Nusu yao wakianguka, waliobaki wakimbie, na kesho yake wachezaji wawakute mahali pengine wakiwa na makovu na kumbukumbu.

Hakuna anayejali kwa nini mji ulihamwa

Dalili: umeandika historia ya kurasa nne. Ulipoisoma, walisikiliza kwa adabu. Kikao kilichofuata hakuna aliyekumbuka hata jina la mfalme.

Chanzo: umewasimulia kitu walichotakiwa kukifukua wenyewe.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo safari hii inapopata uhai au inapokufa. Chagua sababu moja tu ya watu kuondoka, na iwe sababu inayoacha alama kwenye mwamba. Joka ni jibu la kawaida na linafanya kazi. Mimi napendelea hewa mbaya, kwa kuwa bado ipo pale na bado inaua.

Wachimbaji wa kweli wanaijua. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inatuama mabondeni, mashimoni, chini ya ngazi. Methani ni nyepesi, inakusanyika darini, na ikikutana na mwali inalipuka. Ndiyo maana mwanakemia Mwingereza Humphry Davy alibuni mwaka 1815 taa yenye wavu wa waya unaozunguka mwali, na ndiyo maana migodi ya Uingereza ilitumia ndege aina ya kanari hadi mwaka 1986: ndege alizidiwa kabla ya mtu. Mwali wenyewe unasema pia. Penye methani unarefuka na kupata ukingo wa bluu. Pasipo oksijeni ya kutosha unafifia, kisha unazima.

Kwa maarifa hayo tu unaweza kuusimulia msiba wa mji mzima bila ukurasa hata mmoja wa historia. Ghorofa ya kwanza, vizimba vidogo vya ndege vimetundikwa kila kona, vyote vikiwa na milango wazi. Ghorofa ya pili, hakuna kizimba. Ghorofa ya tatu, vizimba vimejaa mifupa midogo. Ghorofa ya nne, kwenye machimbo mapya, matimba yanayoshikilia paa yamekatwa kwa shoka kwa makusudi, kifusi kimefunga njia, na alama za shoka ziko upande wa wachezaji. Yaani kuna walioiangusha njia huku wengine wakiwa ng'ambo. Hapo mwenge wa anayetangulia unaanza kufifia.

Wachezaji wangu walisimama mbele ya kifusi hicho wakabishana robo saa: ni nani aliyetoa amri, na je, waliokuwa ndani walikuwa hai bado? Mmoja akaingiza kidole kwenye alama ya shoka kupima kina chake, akasema, "Huyu alikuwa anakata huku mkono unatetemeka." Hilo sikuwa nimeliandika popote. Niliandika kwenye karatasi yangu muda huohuo, na kuanzia hapo likawa kweli.

Ukifanya hivi, zingatia haki: hewa mbaya isiue kwa ghafla. Ionyeshe mara mbili kabla ya kuitoza. Mwali unafifia; kichwa kinauma na pumzi zinakuwa fupi; baada ya hapo ndipo dadu za kupima ustahimilivu wa mwili zianze kurushwa.

Uchoraji wa ramani unakula kikao

Dalili: "Korido ina futi ngapi? Inakata kaskazini au kaskazini mashariki?" Tiba ni fupi. Chora kumbi kama miduara na njia kama mistari, andika zamu ngapi za kutembea juu ya kila mstari, na uwape karatasi hiyo ikue kadiri wanavyoendelea. Vipimo kamili weka pale tu panapopiganiwa.

Hazina imewapoza

Dalili: wamepata sarafu 2,000 wakaandika "2,000" wakaendelea. Chanzo: sarafu hazina uzito wala mwenyewe. Katika toleo la tano sarafu 50 ni ratili moja, kwa hiyo hizo 2,000 ni ratili 40, kama kilo 18. Uliza ziko kwenye mfuko wa nani, na huyo mtu anapandaje kamba. Kisha vitu vya thamani zaidi vifanye viwe vigumu kubebwa: fuawe la mhunzi lenye majina ya vizazi tisa, mlango wa shaba, kisima chenyewe. Wachezaji waliokuja kupora wataanza kupanga namna ya kurudi na watu, punda na magogo, nawe umepata vikao sita bila kuandika ghorofa mpya.

Wamerudi na mji uko vilevile

Dalili: kikundi kilitoka kwenda kupona, kikarudi baada ya wiki mbili za ndani ya mchezo, na kila kitu kiko kama walivyokiacha. Msisimko wa mara ya kwanza haupo.

Chanzo: mji wako unasimama wachezaji wasipoutazama.

Tiba: kila wanapotoka, badili mambo matatu, moja dogo, moja la kati, moja kubwa, na yote yatokane na waliyoyafanya wao. Walimwaga mafuta ukumbini, kuna nyayo za mende zimeganda ndani yake. Waliwasaidia goblini, goblini wameweka mlinzi langoni anayewasalimu kwa majina na kuyakosea. Na jikoni, chungu walichokifunua wakakiacha wazi kimefunikwa tena, mafiga yana joto.